Lijue Gugu Kabla ya Kuinua Jembe

Ndugu wasomaji, wajumbe wa kamati za sharika, na marafiki zetu mnaoiunga mkono kazi hii kutoka mbali: somo la robo hii linahusu jambo ambalo wengi hulidharau kwa sababu liko chini ya miguu yao kila siku, yaani magugu. Tumekwisha kuyasoma maombi ya sharika kwa ajili ya msimu ujao. Karibu yote yanaomba miche na mbegu. Ombi la palizi hatukuliona. Hata hivyo, ukiwauliza akina mama wa Soni, Mlalo au Bumbuli ni kazi ipi inayokula muda wao mwingi katika bustani ya mboga, hawatakutajia kupanda wala kuvuna. Watakutajia kupalilia. Na pale mama anapozidiwa, mtoto ndiye anayeitwa kutoka shuleni kumsaidia. Kwa hiyo tunapozungumzia magugu hatuzungumzii majani tu, tunazungumzia pia masaa ya watu.

Gugu ni mmea wowote unaoota mahali ambapo mkulima hakuutaka. Mnavu uliojiotea katikati ya kabichi ni gugu kwa mwenye kabichi, na ni kitoweo kwa jirani yake. Mmea vamizi ni jambo jingine. Huo ni mmea uliotoka nchi nyingine au ukanda mwingine, ukaletwa na watu kwa makusudi au kwa bahati mbaya, kisha ukaanza kuenea wenyewe na kuisukuma mimea ya asili. Sababu moja ya nguvu zake ni kwamba wadudu na magonjwa yaliyokuwa yakiudhibiti kwao yalibaki huko. Ndiyo maana gugu maji lilipoenea katika Ziwa Victoria miaka ya 1990, mojawapo ya dawa zilizosaidia ilikuwa fukusi wadogo wenye asili ya Amerika Kusini, kwao gugu hilo, ambao waliachiliwa ziwani wakalila. Kwetu milimani hatuna fukusi wa kutuletea nafuu, tuna jembe. Lakini jembe linaua baadhi ya magugu na kuyazidisha mengine, na hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Gugu linalopenda jembe

Chukueni mfano wa lile gugu la majani matatu yaliyokatika kama mioyo midogo, lenye maua ya rangi ya waridi, ambalo watoto hutafuna vikonyo vyake kwa sababu ni vichachu. Wataalamu huliita oksalisi. Asili yake ni Mexico na nchi jirani za Amerika. Siku hizi limezoea bustani za nyanda za juu za Afrika Mashariki, hasa mahali penye unyevu, mbolea na udongo unaolimwa mara kwa mara. Maana yake ni kwamba linapenda hasa kile tunachokifanya mabondeni.

Ling'oeni moja taratibu kwa kijiti, msilivute. Chini mtakuta tunguu dogo, na kulizunguka vijitunguu vingi vidogo zaidi, vingine vikiwa mwisho wa nyuzi nyembamba nyeupe. Kila kijitunguu ni mmea wa kesho. Ukivuta majani yanakatika juu, tunguu linabaki. Ukipiga jembe kwa nguvu vijitunguu vinatawanyika, na ukisawazisha tuta unavipeleka kona zote za bustani. Udongo ulioganda kwenye jembe la kuazima unavihamisha hadi bustani ya jirani. Wengi hulalamika kwamba kadiri wanavyopalilia ndivyo gugu linavyozidi. Hawakosei. Ndivyo ilivyo.

Tufanye nini basi? Kwanza tuelewe hesabu ya gugu lenyewe. Majani yanapochipua, tunguu la zamani linatumia akiba yake kuyajenga. Kuna muda mfupi ambapo akiba imepungua na vijitunguu vipya bado havijaundwa. Huo ndio muda wa kuligonga. Kwa vitendo ni kwamba mkulima asingoje gugu lifunike tuta wala litoe maua. Majani yakiwa bado machache, alikwatue juujuu tu, kisha arudie kila linapochipua tena, msimu mzima bila kuruka. Akiruka wiki chache katikati, gugu limejaza ghala lake upya na kazi inaanza mwanzo. Mahali palipochafuka sana, tunashauri mboga ipumzishwe msimu mmoja au miwili na papandwe viazi vitamu vinavyofunika ardhi vizuri, kwa kuwa oksalisi hudhoofika kivulini. Si ushauri unaopendwa, maana karoti zina fedha kuliko viazi vitamu. Lakini tuta lililojaa vijitunguu halitoi karoti za kupeleka sokoni hata hivyo.

Ndago nayo ina tabia inayofanana. Chini ina vishina vilivyovimba, vilivyounganishwa kama shanga kwenye uzi, na ukiikata unaamsha zile shanga zilizokuwa zimelala. Sangari haina tunguu bali ina mizizi mitambaazi. Kila kipande chenye kifundo kinaota, kwa hiyo hapo uma wa kulimia unafaa kuliko jembe, kwa sababu unainua bila kukata. Vyote vitatu visitupwe kwenye lundo la mboji wala kandokando ya mfereji. Vianikwe juu ya mwamba au bati mpaka vikauke kabisa, kisha vichomwe.

Magugu ya mbegu ni rahisi, ukiwahi

Kundi la pili linaishi kwa mbegu tu. Hapa kuna kishona nguo, ambacho Wasambaa wengi hukiita mbwembwe (jina linalowachekesha wageni wa kutoka pwani), na kuna galinsoga, lile gugu laini la vijiua vya manjano vyenye petali chache nyeupe pembeni. Mmea mmoja unaweza kutoa maelfu ya mbegu, na kwa kuwa milimani kwetu unyevu haukatiki kwa muda mrefu, vizazi kadhaa hupita ndani ya mwaka mmoja. Magugu haya yanakufa vizuri kwa jembe. Kosa la kawaida ni kuchelewa. Ukipalilia yakiwa yameshatoa mbegu, umekwisha kuyapanda.

Kwa bustani ya karoti, ambazo huota polepole na hushindwa upesi kivulini, ipo njia ambayo tungependa kila shamba darasa liijaribu. Andaa tuta kama unataka kupanda leo, limwagilie, kisha usipande. Ngoja siku kumi hadi kumi na nne. Magugu yaliyokuwa juu ya udongo yataota yakidhani msimu umefika. Siku ya jua kali yakwatue juujuu, usiguse udongo wa chini kwa kuwa utainua mbegu nyingine, ndipo upande karoti. Unapoteza wiki mbili, lakini unaokoa palizi ya kwanza, ile ya kuchuchumaa na kung'oa kwa vidole. Njia hii haifai kwa oksalisi na ndago. Mtakumbuka kwa nini.

Kwa mahindi, wiki ambazo haziruhusu uzembe ni kama ya pili hadi ya sita tangu kuota. Mahindi yaliyopaliliwa vizuri katika kipindi hicho hujitetea yenyewe baadaye kwa kivuli chake. Aliyechelewa akapalilia wiki ya nane amefanya kazi ileile kwa jasho lilelile, lakini hasara imekwisha kuingia.

Samadi nayo tuiangalie. Ng'ombe wa ndani anayelishwa majani ya kando ya barabara hula mbegu za magugu, na nyingi hupita tumboni zikiwa hai. Samadi mbichi inayopelekwa moja kwa moja bustanini ni kupanda magugu kwa gharama ya mgongo wa mtu. Ilundikwe, ipate unyevu, igeuzwe mara kadhaa. Chomeka kijiti kirefu katikati ya lundo, na baada ya siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto kiasi cha kutamani kukiachia, mbegu nyingi zinakufa humo. Kikiwa cha baridi, lundo halifanyi kazi.

Mteremko una sheria zake

Wafadhili wetu waliokulia kwenye nchi tambarare hupenda kuona shamba safi, na wakulima wetu wengi pia huona fahari kwa shamba lisilo na jani. Kwenye mteremko wa Usambara shamba safi mno ni hatari. Mvua ya masika ikikuta udongo mtupu inauchukua, na udongo huo haurudi. Jambo hili lina historia hapa kwetu. Serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa Mlalo mwaka 1946, ikalazimisha watu kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Watu waliupinga vikali, na ukaachwa kabla ya uhuru. Kuanzia mwaka 1981 mradi wa SECAP ulirudi kwenye tatizo lilelile hapa Lushoto kwa njia nyingine, ukahimiza mistari ya nyasi na miti kwa kufuata kontua. Mistari hiyo bado inaonekana katika mashamba mengi.

Kwa hiyo magugu ya mbegu ambayo hayajatoa maua yang'olewe na kulazwa kwa mstari kukata mteremko, yawe kinga maji na baadaye mbolea. Kati ya mimea iachwe matandazo. Nyasi za Guatemala na mabingobingo kwenye kingo za matuta zikatwe mara kwa mara kwa ajili ya mifugo, vinginevyo nazo zitaingia shambani. Na pale ambapo gugu fupi linafunika ardhi tupu kati ya msimu na msimu bila kudhuru zao, liacheni hapo. Tunajua kuna bwana shamba atakayetukosoa kwa hilo, na tuko tayari kujadiliana naye akiwa amesimama kwenye mteremko wenyewe wakati wa mvua.

Yapo pia magugu ambayo ni chakula. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha utafiti uliofanyika hapahapa Lushoto kuhusu nafasi ya majani ya porini katika mlo wa watu. Ulionyesha jambo ambalo bibi zetu walilijua, kwamba majani yanayojiotea mashambani ni mboga ya kila siku ya kaya, wala si chakula cha njaa tu. Mchicha, mnavu na mbwembwe changa vinaliwa. Kikundi kinachopalilia kingeanza kwa kuchuma.

Tughutu ni somo jingine. Kichaka hiki cha asili, kinachoota mipakani mwa mashamba, kimechunguzwa na watafiti kwa kushirikiana na wakulima wa Lushoto, majani yake yakafukiwa pamoja na mbolea ya Minjingu kurutubisha udongo. Alizeti pori, yenye maua makubwa ya manjano barabarani, hutumika vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba tughutu ni wa kwetu, na alizeti pori imetoka Mexico na inaenea yenyewe. Msimamo wetu ni huu: palipo na alizeti pori itumike, ikatwe kabla ya kutoa mbegu. Pasipokuwepo isipelekwe. Apandaye na apande tughutu.

Yaliyopandwa kwa nia njema

Sasa tuliache bonde la mboga, tuvuke bonde la Lwengera twende Usambara Mashariki hadi Amani, kwa sababu huko liko funzo kwa kila kamati inayoomba miche na kila mfadhili anayelipia miche.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, wakaleta mimea kutoka pande zote za dunia kuijaribu. Mmojawapo ni msizi, ambao katika Afrika Mashariki kwao ni Uganda na magharibi ya Ziwa Victoria. Ni mti unaokua haraka na ulionyooka, unaopendeza machoni pa mtu wa misitu. Miaka ya 1960 na 1970 ulipandwa tena kwa wingi mahali palipokatwa magogo. Hondohondo walipenda matunda yake, wakazisambaza mbegu mbali na mashamba yaliyopandwa, na kila mti wa asili ulipoanguka na kuacha uwazi, msizi ulikuwa tayari hapo. Msitu ambao una mimea na viumbe wasiopatikana kwingine duniani ukaanza kubadilika sura. Sehemu kubwa ya msitu huo ililindwa rasmi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani mwaka 1997, lakini msizi hausomi mabango.

Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya ukaguzi wa bustani ya mimea ya Amani. Kati ya spishi 214 za kigeni zilizokuwa bado hai pale zilipopandwa, 16 ndizo zilizokuwa zimeenea sana. Tukitazama haraka tunaweza kusema ni chache. Ndivyo, ni chache. Mimea mingi ya kigeni haina shida, nasi tunaishi kwa mahindi, viazi, kabichi na chai, ambavyo vyote ni wageni. Hata ua dogo la zambarau ambalo marafiki zetu wa Ujerumani hulipanda dirishani na kuliita kwa jina la Usambara lilitoka huku mwaka 1892 na halijamdhuru mtu, kwani baridi ya nje ingeliua. Tatizo ni zile chache, na dalili zake huonekana mapema kwa anayeuliza. Je, mmea unazaa ukiwa mdogo? Je, ndege wanakula matunda yake? Je, ulipopandwa kwingine umejiotea nje ya shamba? Majibu yakiwa ndiyo, ndiyo na ndiyo, hata ukiwa wa bure usiupokee.

Lantana ingekataliwa kwa maswali hayohayo. Ililetwa kutoka Amerika ya joto kwa ajili ya maua na uzio. Ndege wameipeleka kila mahali, na ng'ombe akiila kwa wingi huumia ini, ngozi yake ikaungua juani. Ukiikata kwa panga inachipua. Ni lazima kuchimba shina na mzizi wake, kisha kupanda kitu kingine mara moja mahali hapo, maana shimo lililoachwa wazi ni mwaliko.

Kwa marafiki zetu wafadhili tuna neno la wazi. Ripoti inayohesabu miche iliyopandwa ni rahisi kuandika na inapendeza kusoma. Lakini inatusukuma kupenda mti uotao haraka, wenye mbegu nyingi na wa bei nafuu, na hizo ndizo sifa za mmea vamizi. Tungependelea msaada unaolipia miche michache ya asili, pamoja na palizi ya miaka mitatu na mtu wa kuzunguka akiangalia kilichojiotea. Haitatoa picha nzuri kama ile ya watu mia wakiwa na miche mikononi.

Kuhusu dawa

Tunaulizwa kila mara kuhusu dawa za kuua magugu. Hatuzikatazi, lakini tunaziogopa kuliko wauzaji wanavyoziogopa. Glifoseti inaingia kwa majani na kushuka hadi mizizini, hivyo inasaidia kwa sangari kwenye shamba ambalo halijapandwa. Kwa oksalisi inaunguza majani huku vijitunguu vingi vikisalia. Inaua pia mboga iguswapo na upepo wa bomba. Mwaka 2015 wakala wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani uliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mabondeni kwetu bustani, mfereji na kisima viko hatua chache kutoka kimoja hadi kingine, na maji ya juu ndiyo ya kunywa ya walio chini. Kwa hiyo bustani za vikundi vinavyosaidiwa na ofisi yetu hazitumii dawa hizo kando ya mfereji, na hakuna anayenunua dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi.

Kabla hatujamaliza, kuna mgeni mmoja wa kuangaliwa. Gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na vijiua vyeupe vidogo vingi, liligunduliwa Arusha mwaka 2010. Linawasha ngozi, linasumbua wenye pumu, linaharibu ladha ya maziwa, na mmea mmoja hutoa mbegu zaidi ya elfu kumi. Husafiri kwa tope la magari, mchanga, malisho na magunia. Magari yanayopanda Lushoto kupitia Mombo yanatoka kila upande. Tunaziomba kamati ziangalie hasa stendi, masoko, maeneo ya ujenzi na kingo za barabara. Likionekana, ling'olewe kabla ya maua kwa mikono iliyofunikwa, wala lisibebwe kuletwa ofisini. Pigeni picha kwa simu, moja ya jani na moja ya ua, mtutumie pamoja na jina la mahali.

Fomu za maombi za msimu huu tunazirudisha kwa sharika. Kila usharika uongeze majina ya miti unayoiomba, siyo "miche ya miti" tu. Uandike pia ni nani atakayeipalilia na kwa muda gani, na ni gugu lipi linalosumbua zaidi katika bustani za kikundi na limeota kwa mbegu, tunguu au mzizi. Ili kulijibu hilo la mwisho itabidi mtu achimbe.